Paka wangu katoka kupasuliwa na hataki kula. Nimemtesa?

Shikamoo Mama,

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, namchungulia Kashata uvunguni mwa kitanda. Kashata ni paka wangu, wa rangi ya udongo na mabaka meupe, umri wake kama mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Tanga kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja wa wote: mimi, mume wangu, mwanangu wa miaka saba, na mavyaa wangu aliyekuja kutoka Pangani kukaa nasi.

Kashata amezaa mara mbili. Uzao wa kwanza walikuwa wanne, akapona mmoja tu, huyo dume tuliye naye sasa. Uzao wa pili walikuwa watano, tukawakuta mtaroni ndani ya mfuko uliofungwa. Nani aliwatupa, mpaka leo sijui. Aliyeuona mfuko ni mwanangu. Hapo nikasema basi. Nikadunduliza pesa miezi mitatu, Alhamisi asubuhi nikampeleka kwa daktari wa mifugo akafungwa kizazi, jioni nikarudi naye kwenye kikapu.

Mama, hakuna aliyeniambia nitaona nini. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi, kama ya paka aliyekufa. Kichwa kinayumba. Akijaribu kusimama anaanguka ubavu, na akajikojolea. Usiku kucha alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ijumaa akazinduka, akaingia uvunguni, na kutoka hataki. Nimempa maziwa, karamba kidogo. Nimempa mchuzi wa samaki tuliokula sisi, kanusa na kugeuza uso. Leo Jumamosi hali ni ile ile. Kidonda kiko ubavuni, pamenyolewa, nyuzi ni nne, na pamevimba kidogo. Anapalamba. Daktari alimvalisha kola ya plastiki, lakini alikuwa anatembea kinyumenyume na kujigonga kwenye miguu ya meza, nikamwonea huruma nikaivua. Na nzi hawamwachi.

Yule mwanawe dume, waliokuwa wanalala mkeka mmoja, leo kamtolea meno na kusimamisha manyoya. Mwanangu analia, anataka kumpakata. Jirani kaniletea nusu kidonge cha Panadol na Dettol kwenye kikombe, eti kidonge nisage kwenye maziwa na kidonda nikioshe asubuhi na jioni. Mavyaa naye jana usiku alisema neno moja: "Umemkatia kiumbe wa Mungu uzazi wake." Tangu hapo sijalala.

Nimemtesa, Mama? Nifanye nini?

Mama wa Kashata, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Kile kidonge usimpe. Barua yako ilinifikia Jumamosi asubuhi, na kwa ajili ya kidonge hicho nilikutumia ujumbe saa ile ile kabla hata sijamaliza kusoma. Haya mengine nayaandika mchana huu huu, na nayaandika kwa urefu kwa sababu najua hauko peke yako.

Panadol ni paracetamol, na paracetamol kwa paka ni sumu. Ini la binadamu lina namna ya kuivunja dawa hiyo na kuitoa mwilini. Ini la paka karibu halina uwezo huo. Kinachobaki kinaharibu chembe nyekundu za damu, zinashindwa kubeba hewa, na paka anakosa pumzi ilhali kifua chake kizima. Fizi zinabadilika na kuwa kama kahawa au zambarau, uso na nyayo zinavimba. Nusu kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 250. Kwa paka wa kilo tatu hiyo inatosha kabisa kuua. Nalijua hili kwa uchungu: nilipokuwa mke kijana nilimpa paka wangu nusu kidonge kwa mkono wangu mwenyewe, nikimwonea huruma kama unavyomwonea Kashata, na kesho yake jioni nikamzika chini ya mpera. Kwa hiyo ukisikia mtu amekwisha kumpa, asingoje dalili. Amchukue kwa daktari wakati huo huo. Dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, lakini inashindana na saa.

Diclofenac, ibuprofen na aspirini ya dukani nazo weka mbali. Si kwamba paka hapewi dawa ya maumivu. Anapewa, na anastahili kupewa, ila ni dawa yake, kwa kipimo kidogo sana kinachofuata uzito wake. Mpigie daktari umuulize hivi: sindano ya maumivu aliyochomwa Alhamisi inadumu saa ngapi, na ikiisha tunampa nini? Paka anayejikunja uvunguni siku ya pili, asiyekula, huenda anaumwa tu na dawa imekwisha nguvu.

Dettol pia rudisha. Paka hujilamba, kwa hiyo chochote unachompaka unamnywesha, na kiungo kikuu cha Dettol, chloroxylenol, kinamdhuru paka. Vivyo hivyo mafuta ya taa, na ile dawa ya rangi ya kupulizia vidonda vya ng'ombe, usipake mpaka daktari aseme. Kidonda kilichoshonwa vizuri na kikawa kikavu hakihitaji kuoshwa hata kidogo. Kikichafuka, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi, acha yapoe, chovya kitambaa safi, gusagusa pembeni, kausha. Basi. Na asiogeshwe mpaka nyuzi zitoke.

Sasa hilo la kula, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi baada ya kidonge. Siku ya kupasuliwa paka kutokula, au kula kidogo na kutapika, si ajabu. Lakini Kashata alilala njaa Jumatano usiku kwa ajili ya upasuaji, na leo Jumamosi hajala cha maana. Paka hakuumbwa kukaa bila chakula. Akipitisha siku mbili tatu, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na ini linaanza kushindwa, hasa kwa paka mnene. Mimi mpaka wangu ni saa 24 tangu arudi nyumbani: zikipita bila kula, daktari anaambiwa. Zako zimeshapita. Piga simu leo, usingoje Jumatatu, hata kama utajiona unasumbua.

Wakati unangoja jibu, badilisha chakula. Maziwa acha, paka wengi wakubwa hawayawezi, huwaharisha, na kuharisha na nyuzi tumboni havipatani. Mchuzi wenu ulikuwa na kitunguu, sivyo? Kitunguu maji na kitunguu saumu vyote huharibu damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani si chakula cha mgonjwa huyu. Tafuta kibua. Kibua kina harufu kali, na paka hula kwa pua kabla ya mdomo. Kichemshe bila chumvi, chambua miiba yote, kiponde na supu yake, umpe kikiwa vuguvugu, kiasi cha vijiko viwili. Paka kidogo kwenye mguu wake wa mbele. Atajilamba, na mara nyingi hapo ndipo hamu inapoanza. Usimbane mdomo na kumnyweshea kwa bomba la sindano bila kuonyeshwa, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Yale macho yaliyokutisha yana maelezo yake. Dawa ya usingizi inayotumika sana kwa paka ni ketamini, na paka akiwa chini ya ketamini hafumbi macho. Kuyumba kichwa, kuanguka ubavu, kujikojolea, kulia sauti ngeni, yote hayo ni usingizi unatoka mwilini, na huisha ndani ya siku moja. Hata joto la mwili hushuka, ndiyo maana hata katika joto la Tanga mgonjwa wa usiku wa kwanza huwekewa chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa khanga. Daktari alipaswa kukueleza haya kabla hujatoka mlangoni. Kuambiwa mapema kungekuokoa usiku mzima wa kilio, na nasikitika hukuambiwa.

Uvunguni amekwenda kwa sababu paka mwenye maumivu hujificha. Usimvute kwa miguu. Chukua boksi, lilaze ubavu, tandika khanga uliyoivaa, lisogeze karibu na kitanda, na kule uvunguni kwenye pembe ya ndani kabisa zibazibe pole pole ili apate pa kujificha ambapo wewe unamfikia. Boksi likae chini. Kwa siku kumi hivi asiruke kitandani, asipande kabati, asitoke uani. Nyuzi za juu unaziona, lakini ndani kuna msuli nao umeshonwa, na mruko mmoja unaweza kuuachanisha. Haja yake ajisaidie kwenye beseni lenye magazeti yaliyochanwachanwa badala ya mchanga, kwa maana mchanga hunata kwenye kidonda. Akisita, mwaga kiganja kimoja tu cha mchanga aliouzoea kwenye kona ya beseni. Mkojo uuone ndani ya siku moja. Choo kikubwa kikichelewa siku mbili tatu usishtuke.

Kola mrudishie. Najua alivyoonekana, na najua moyo ulivyokuuma, lakini ulimi wa paka una vijino vidogo kama msasa, na dakika kumi za kulamba zinatosha kufungua kazi yote ya daktari. Kutembea kinyumenyume ni kwa saa za mwanzo tu. Hakikisha vidole viwili vinapita kati ya kola na shingo, mvue wakati wa kula huku umemkalia hapo hapo, akimaliza mvalishe. Ikishindikana kabisa, kata mkono wa sweta kuukuu au chukua soksi ndefu ya mpira, toboa matundu manne ya miguu, mvalishe kama fulana, nyuma pabaki wazi. Nguo hiyo ikilowa au ikichafuka badilisha, na kila siku ifunue uangalie chini yake.

Na nzi. Hili vitabu vya nchi za baridi hulipitia haraka, lakini kwetu ni jambo kubwa. Nzi akitaga kwenye kidonda kibichi, kesho yake unaweza kukuta mabuu. Kwa hiyo ile fulana haimzuii Kashata peke yake, inawazuia na nzi. Funika mdomo wa boksi kwa kitambaa chepesi cha neti kisichotiwa dawa, ondoa mabaki ya kibua mara tu akimaliza, safisha beseni asubuhi na jioni. Dawa ya kupuliza ya mbu na nzi usiipulize kwenye chumba hicho. Nyingi zina sumu za jamii ya pareto, na mwili wa paka unashindwa kuziondoa kama unavyoshindwa Panadol. Ukiona mayai meupe kama punje ndogo za mchele yamegandana kwenye manyoya, ni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kidonda chenyewe kitazame mara mbili kwa siku kwenye mwanga wa dirisha, na kipige picha kwa simu kila asubuhi. Macho yenye hofu husahau jana palikuwaje; picha haisahau, na unaweza kumtumia daktari. Uvimbe mdogo na wekundu wa siku mbili za mwanzo ni kawaida. Hata kijinundu kigumu kisichouma chini ya nyuzi, siku ya tano au ya sita, mara nyingi ni mwili unauzoea uzi. Usaha, harufu, joto linalozidi, au uwazi kati ya nyuzi si kawaida. Kitu chochote kikichungulia kutoka ndani usikirudishe: kifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa yale maji ya chumvi, mbebe mkimbie.

Zoea pia kumfunua mdomo utazame fizi. Zikiwa za waridi, shusha pumzi. Zikiwa nyeupe kama karatasi, naye amelegea, tumbo linajaa, au anahema mbio akiwa amelala (paka aliyetulia huvuta pumzi kama mara 20 hadi 30 kwa dakika), huenda anavuja damu kwa ndani, na hapo hata usiku wa manane unamgongea daktari mlango.

Yule dume hajamchukia mama yake. Kashata amerudi nyumbani ananuka hospitali, na kwa paka harufu ndiyo jina. Watenganishe kwa mlango wiki hii. Chukua kitambaa alicholalia Kashata ukiweke kwenye mkeka wa dume, na cha dume ukipeleke kwenye boksi. Na huyo dume naye mpeleke akahasiwe pesa ikipatikana, ila ukumbuke kwamba dume akishahasiwa hubaki na uwezo wa kupandisha kwa wiki kadhaa.

Mwanao asimpakate. Paka mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Akimparura au kumng'ata, oshea jeraha sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na umpeleke hospitali, kwa maana kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yao. Kama Kashata hajachanjwa, siku ya kutoa nyuzi uliza chanjo hiyo. Lakini usimfukuze mtoto chumbani. Yeye ndiye aliyeuona ule mfuko mtaroni. Mpe kazi ya kupiga picha ya kidonda kila asubuhi na kuhesabu pumzi, akae hatua mbili kando na kumsimulia Kashata habari za shule kwa sauti ndogo. Ana haja ya kumwona paka mmoja akipona.

Nina neno kidogo kwa wenye sungura, maana nanyi mmekuwa mkiniandikia. Msiyachukue haya ya Kashata mkayapeleka kwake. Sungura hatapiki, kwa hiyo halazwi njaa kabla ya upasuaji kama paka, na akirudi nyumbani lazima aanze kutafuna majani ndani ya saa chache. Zikipita saa 12 bila kula wala kutoa vile vigololi vya choo, utumbo wake umesimama, na hiyo ni dharura. Wala asipewe amoksilini ya kunywa iliyobaki kabatini. Inaua vijidudu vyema vya utumbo wake na kumuua yeye.

Nirudi kwako, mwanangu, kwa lile swali la mwisho. Hapana, hukumtesa. Jike hubeba mimba kama wiki tisa, anaweza kupandwa tena huku bado ananyonyesha, na kila uzao humla mwili. Asiyefungwa huweza kupata usaha kwenye kizazi, ugonjwa ambao nimeuona ukiua paka wakubwa katika siku chache. Kashata ameepushwa na hayo, na hakuna mtoto wake mwingine atakayefungwa mfukoni. Unachokiona uvunguni ni maumivu ya siku chache, na maumivu yana dawa, ndiyo maana nakusukuma upige simu.

Mavyaa usibishane naye. Mtu wa umri wake, aliyelelewa kuheshimu uhai, kusikia kiumbe kimekatwa kizazi lazima imguse, na maneno yake yametoka kwenye huruma ile ile iliyokutoa wewe nyumbani na kikapu. Mweleze habari ya ule mfuko. Barua yako hainiambii kama anaijua. Hukumu ya dini mkamuulize shehe wenu pamoja, wewe na yeye, mimi si mahali pangu. Ila anaifahamu bila shaka habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu mpaka akanywa, akataja kauli ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wanaowazungukieni majumbani mwenu. Mkumbushe hiyo, kisha mwombe msaada. Wewe una kazi, soko na jiko. Yeye yupo nyumbani kutwa, na Kashata anahitaji mtu wa kukaa kimya karibu naye na kufukuza nzi.

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, ila hiyo tarehe aliyokuandikia daktari ndiyo uifuate, na umbebe na khanga ile ile ya kwenye boksi. Leo, ukishapiga simu, nenda kachemshe kibua. Kisahani mpe mavyaa akipeleke yeye.